Ng'ambo ni Pale Tu: Siku Nne Ripley, Ohio

Alhamisi

Safari hii ilizaliwa na ubishi wa mezani. Shemeji, kaka wa mke wangu, alisema mto ambao ukisimama upande mmoja unamwona mtu wa upande wa pili anakunywa chai, huo si mto, ni mfereji. Yeye amezaliwa Baraka, huko Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, na maji ya kwao yana mawimbi. Mimi nimekulia Pangani, ambako ng'ambo ni Bweni, na pantoni inafika hata karanga za shilingi mia hujazimaliza. Nikamwambia maji membamba ndiyo yenye maneno mengi. Akasema, "Haya, shemeji, twende ukanioneshe." Nikachagua Ripley, mji ulio ng'ambo ya Mto Ohio, ambako watumwa waliotoroka Kentucky walikuwa wakivukia.

Sote tunaishi Lexington, Kentucky, mji ambao Wakongo wameujaza Kiswahili kiasi kwamba shule zinatuma barua za wazazi kwa lugha yetu. Tuliomba ruhusa kazini, mama mkwe akatufungia chapati na samaki wa kukaanga utadhani tunapanda treni ya Kigoma, tukaondoka saa nane mchana.

Barabara ni namba 68, inayopanda kaskazini mashariki hadi Maysville, ukingoni mwa Mto Ohio, kilomita mia moja na ushei. Zamani za kale ilikuwa njia ya nyati waliokwenda kulamba chumvi pale Blue Licks, kisha ikawa njia ya walowezi. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson aligoma kutia saini muswada wa kuipatia fedha za serikali kuu, kwa hoja kwamba barabara iliyomo ndani ya jimbo moja ni shauri la jimbo hilo. Ikajengwa hivyo hivyo. Ndiyo njia waliyoswagiwa watu waliofungwa minyororo kwenda Lexington, kwenye uwanja wa Cheapside kando ya mahakama, kuuzwa. Leo Cheapside ni bustani, na Jumamosi kuna gulio la mboga. Mama mkwe hununua mabamia pale pale. Wengine walipita njia hii usiku, kwa miguu, wakielekea upande wa pili, mtoni.

Karibu na Blue Licks tairi la nyuma likapiga pancha. Jeki yetu ilikuwa ya gari dogo kuliko letu, ikawa inazama kwenye udongo. Mzee mmoja mwenye pikapu akasimama, akatoa kipande cha ubao na jeki ya maana, akatusaidia bila maneno mengi. Alipouliza tunakwenda wapi tukamwambia Ripley. Akakuna kichwa. "Kuna nini Ripley?" Yeye anaishi mwendo wa saa moja tu kutoka huko.

Maysville tuliingia jua likizama. Mji umezungushiwa ukuta mrefu wa zege wa kuzuia mafuriko, na upande wa mtoni wamechora picha kubwa za historia yao: meli za mvuke, masoko, watu wa kale. Ukuta una malango ya kufungwa maji yakija. Tukala samaki wetu kwenye gari, tukatafuta pa kulala.

Ijumaa

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto kama pamba iliyochambuliwa. Tukavuka daraja la Simon Kenton, la mwaka 1931, tukaingia Aberdeen, jimbo la Ohio, tukakata kushoto. Kutoka hapo ni kilomita 15 hivi, mto uko mkono wa kushoto safari nzima.

Ukungu ulipofunguka tukasimama pembeni, maana msafara wa matishali ulikuwa unapita: matishali 15 yamefungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yamejaa makaa ya mawe, na boti moja tu nyuma linayasukuma. Shemeji alitazama mpaka yakapinda kona. Hakusema tena neno mfereji.

Jambo nililotaka alijue kabla hatujafika ni hili. Mto Ohio karibu wote si wa Ohio. Kentucky ilipojitenga na Virginia mwaka 1792, mpaka uliwekwa upande wa kaskazini, pale maji ya kiangazi yanapokomea, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kuthibitisha mwaka 1980 kwamba mpaka ni ule ule wa 1792. Sasa fikiria maana yake kwa mtumwa aliyetoroka. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kaskazini ya mto tangu sheria ya mwaka 1787. Lakini mtu akiwa ndani ya mtumbwi, hata katikati ya maji, hata akiwa amebakiza pigo moja la kasia, bado alikuwa Kentucky, bado mali ya mtu. Uhuru ulianzia kwenye tope la ng'ambo.

Na hata huko, uhuru wenyewe ulikuwa na mashimo. Ohio ilikuwa na sheria zake za kuwabana watu weusi: sheria ya mwaka 1807 ilimtaka mweusi anayehamia atafute wadhamini wa dola 500 kwamba hatakuwa mzigo. Kisha mwaka 1850 ikaja sheria ya nchi nzima ya kuwakamata watoro: anayemficha mtumwa, faini mpaka dola 1,000 na kifungo mpaka miezi sita. Ndiyo maana waliofika Ripley hawakukaa Ripley. Walisukumwa mbele usiku huo huo, nyumba kwa nyumba, mpaka Kanada.

Mji wenyewe ni mdogo. Watu hawafiki 2,000. Uliasisiwa mwaka 1812 na Kanali James Poage kutoka Virginia, ukaitwa Staunton, na mwaka 1816 ukabadilishwa jina kumuenzi Jenerali Eleazer Ripley wa vita vya 1812. Mtaa wa maana ni Front Street, mtaa wa mbele, na kweli uko mbele: nyumba za matofali zimepangana mstari mmoja zikiutazama mto, kila moja na baraza lake, na kati ya baraza na maji kuna barabara tu na mteremko wa nyasi. Hakuna ukuta kama wa Maysville. Mabaraza yale yalinipendeza kuliko kitu chochote mjini. Bibi mmoja alikuwa ameketi na blanketi mapajani, tukamsalimu, akatujibu kama anatujua.

Ripley ya miaka ya 1840 haikuwa kimya namna hii. Nguruwe waliswagwa barabarani kutoka mashambani, wakachinjwa hapa na kutiwa chumvi kwenye mapipa, na katika Ohio nzima Cincinnati tu ndiyo iliyowapita kwa biashara hiyo. Meli za mvuke ziliundwa hapa hapa. Mapipa yakashuka na mto mpaka Mississippi, mpaka New Orleans. Sasa jiulize nani alikula nyama ile ya chumvi. Sehemu kubwa iliishia Kusini, kwenye mashamba ya pamba na miwa. Kwa hiyo mtaa huu huu uliokuwa ukificha watoro ulikuwa ukipata riziki kwa kuwalisha waliowamiliki. Thomas McCague, tajiri wa nyama ya nguruwe, alikuwa mmoja wa wafichaji wakubwa. Sisemi hivyo kumpunguza. Nasema kwa sababu vibao vya historia vinapenda mji wote uwe wa watakatifu, na haukuwa. Wapo waliowaficha watu, wapo waliowawinda kwa zawadi, na wengi walifunga madirisha wakalala.

Nyumba ya John Parker iko namba 300, Front Street kaskazini. Ni ya matofali, haina makuu, na leo ni makumbusho. Ndani tulikuwa sisi wawili na mzee mtembezaji, basi.

Parker alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka 1827, mama mtumwa, baba mzungu. Akiwa na miaka minane akauzwa, akatembezwa kwa minyororo, na mwisho akafikishwa Mobile, Alabama, akanunuliwa na daktari. Watoto wa daktari wakamfundisha kusoma kwa siri. Akajifunza kusubu chuma, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, kazi ambayo ilimpa ujira wa pembeni, na mwaka 1845 akajinunua mwenyewe kwa dola 1,800. Akahamia kaskazini, akaoa Cincinnati, akaja Ripley akafungua kiwanda chake cha kusubu chuma kando ya nyumba hii. Mchana akiajiri watu, weusi na weupe. Usiku akichukua mtumbwi.

Hapo ndipo tofauti yake na wengine. Wengi wa wale wengine walingoja mtoro avuke mwenyewe, abishe hodi. Parker alikuwa akivuka kwenda kumchukua, upande ambao akishikwa anauzwa tena au anauawa.

Mzee alitusimulia kisa kimoja, nami nakifupisha. Kulikuwa na mume na mke ng'ambo, watumwa, na bwana wao alishuku wanataka kutoroka. Akatumia akili: kila usiku akamchukua mtoto wao mchanga akamlaza miguuni mwa kitanda chake mwenyewe, akijua mama hataondoka bila mtoto. Kando ya kitanda kiti, juu ya kiti mshumaa na bastola. Parker aliingia chumbani kwa kutambaa, bwana na mkewe wamelala, akanyoosha mkono juu ya kitanda akatoa bahasha ya nguo yenye mtoto. Kiti kikaanguka, mshumaa ukazimika, yeye tayari anakimbia gizani kuelekea mtumbwini, na wazazi mbele yake. Wakavuka. Wafuatiliaji walipofika kugonga mlango wa nyumba tuliyosimama, familia ile ilikwisha pelekwa kwa mwingine, na Parker akafungua kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mzee alikuwa na uzoefu wa kusimulia. Alijua pa kunyamaza. Nikageuka nimwambie shemeji kitu, nikakuta hayupo.

Nilimkuta ng'ambo ya barabara, kwenye nyasi, anatazama maji. Nikakaa. Baada ya muda akaniuliza kama mke wangu amewahi kunisimulia walivyovuka ziwa. Nikasema ameniambia walivuka. Akacheka. "Yeye atajua nini? Yeye ndiye alikuwa kitoto."

Ilikuwa mwaka 1996, vita imeingia. Yeye ana miaka saba, dada yake wa miezi minne. Waliondoka usiku kwa boti la mbao, watu wamebanana, taa hakuna. Mwenye boti aliwaambia akina mama kitu kimoja tu: nisisikie mtoto. Mama yao akaweka titi kinywani mwa yule mdogo, akalishikilia hapo usiku kucha, lina maziwa halina maziwa. Shemeji kazi yake ilikuwa kuchota maji yaliyokuwa yakiingia chini, kwa sufuria ya nyumbani, akimwaga nje taratibu yasipige kelele. Walifika upande wa Kigoma kumekucha. Baadaye wakapelekwa Nyarugusu, Kasulu, kambi ambayo ndiyo kwanza inafunguliwa, wakakaa huko miaka mingi kuliko waliyokuwa wamekaa Baraka.

"Huyu Parker jina lake liko mlangoni," akasema. "Yule wetu aliitwa nani?"

Tukarudi ndani kwa mzee, maana alikuwa hajamaliza, na alichobakiza nusura kinitoe machozi kuliko kisa cha mtoto. Parker alikuwa na daftari. Aliandika jina la kila aliyemvusha, tarehe, na habari zake, wakafika watu 315. Sheria ya 1850 ilipopita, daftari lile likageuka ushahidi wa kumfilisi yeye na kuwarudisha wao. Akalitupa kwenye tanuru lake la chuma. Majina yote 315. Yeye mwenyewe tunamjua kwa sababu miaka ya 1880 mwandishi wa habari, Frank Gregg, alimhoji akaandika, na karatasi zile zikalala kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Duke mpaka zikachapishwa kuwa kitabu. Mwaka gani? 1996. Mimi na shemeji tukatazamana.

Jumamosi

Leo kilima. Juu ya mji, mahali panapoitwa Liberty Hill, ndipo ilipo nyumba ya Mchungaji John Rankin, Mpresbiteri aliyezaliwa Tennessee mwaka 1793 na kufika Ripley mwanzoni mwa 1822. Kwanza aliishi chini, Front Street, lakini baraza la mtaa wa mbele halifai kwa mwenye siri, kila mpita mtoni anakuona. Mwishoni mwa miaka ya 1820 akahamia kilimani na mkewe Jean.

Nyumba ni ndogo mno. Watoto walikuwa 13, wavulana tisa na wasichana wanne, na juu ya hao kulikuwa na wageni wa usiku. Shemeji, aliyekulia kambini, aliangalia vyumba akasema, "Inatosha." Kitu cha kutazama hapa ni dirisha. Rankin alikuwa akiweka taa, na kutoka ng'ambo, kwenye vilima vya Kentucky, mtu aliyejificha msituni aliiona, akajua aelekee wapi. Nilisimama dirishani nikatazama chini: mapaa ya mji, mstari wa Front Street, mto, na Kentucky yote imejipanga kama iko uani kwako. Ni karibu kiasi hicho. Wenye watumwa waliokuwa huko nao waliiona taa. Waliijua ni ya nani. Mwaka 1841 wakaja usiku na silaha kuishambulia nyumba, wanawe wakawarudisha kwa risasi.

Rankin alianza na ndugu yake kabla ya kuanza na dunia. Kaka mtu, Thomas, aliyekuwa Virginia, alinunua watumwa. Rankin akamwandikia barua za kumkanya, na kuanzia 1824 barua hizo zikachapishwa kwenye gazeti la hapa Ripley, mji mzima ukasoma mambo ya familia. Mwishowe Thomas aliwaacha huru watu wale akahamia Ohio. Najua familia za kwetu ambazo zingevunjika kwa aibu ndogo kuliko hiyo.

Kisa kilichompeleka Rankin mbali ni cha mwanamke aliyevuka mto Februari 1838, barafu ikiwa imeanza kuyeyuka, mtoto mikononi, akizama na kuibuka. Inasimuliwa kwamba mlinzi aliyekuwa akiwavizia watoro ukingoni alimwonea huruma, akamwelekeza kilimani. Rankin alikisimulia kwa marafiki, na kupitia Harriet Beecher Stowe kikaingia kwenye riwaya yake ya mwaka 1852 ambayo Marekani yote iliisoma. Mto wa wakati huo ulikuwa mwembamba na wa kina kidogo kuliko huu wa leo. Mabwawa, likiwemo la Meldahl lililojengwa miaka ya 1960 chini kidogo ya hapa, yameujaza ukapanuka. Kiangazi kikali cha zamani, kulikuwa na mahali unakunja suruali unavuka. Kwa hiyo anayekuja leo akaona maji mapana asidhani ndivyo yalivyokuwa, ingawa usiku na bunduki vikiwa nyuma yako hata kijito ni bahari.

Kutoka kwenye nyumba, ngazi zinashuka kilimani kuelekea mjini. Zimejengwa upya, si zile za Rankin, na watu huziita ngazi mia za uhuru. Nilianza kuzihesabu nikipanda, pumzi ikakata, hesabu ikapotea. Shemeji alipanda nyuma yangu anapiga mluzi.

Mchana tulikwenda makaburi ya Maplewood, ambako Rankin, aliyefariki 1886, amelala chini ya sanamu ya shaba ya kichwa chake iliyochongwa na mjukuu wake, Ellen Rankin Copp. Wanawe sita walipigana upande wa Kaskazini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja. Ulysses Grant, jenerali wa vita hivyo na baadaye rais, alikulia Georgetown, si mbali na hapa, na mwaka 1838 alikuja kusoma Ripley. Mji huu ulikuwa na wasomi.

Mji wa leo umejengwa na tumbaku zaidi. Nje kidogo ya mji kuna mabani ya kukaushia tumbaku, marefu na meusi, mbao zake zimeachiana nafasi hewa ipite, na milango ya moja ilikuwa wazi. Ndani majani yalining'inia kwenye fito, daraja juu ya daraja mpaka paani, rangi ya chai ya maziwa yakienda kwenye kahawia. Harufu yake tamu, nzito, inakaa kooni. Hii ni Burley, ambayo wakulima wa kwetu pia wanaikausha kwa hewa, bila moto. Aina yake nyeupe ilianzia hapa kaunti ya Brown: mwaka 1864 mbegu iliyotoka Kentucky ilipandwa kwenye shamba moja, ikatoa miche yenye rangi iliyofifia, wakulima wakadhani ina ugonjwa, kumbe ndiyo mali. Ripley ikawa soko pekee la mnada wa Burley katika Ohio. Maghala makubwa, wapiga mnada wanaoimba bei kwa kasi ya kisherehani, wakulima wamejaa mjini msimu mzima.

Na Parker naye yumo humu. Mwaka 1884 na 1885 alipata hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, za mashine za kushindilia tumbaku kwenye mapipa, mmoja wa weusi wachache mno waliopata hataza karne ile. Tumbaku ndiyo iliyokuwa ikilimwa na watumwa wale aliokuwa akiwavusha. Alipoacha kuvusha watu akatengeneza parafujo la kushindilia zao lao. Sijui nicheke au nifanye nini na jambo hilo, lakini nalipenda kuliko taa ya dirishani.

Mwaka 2004 serikali ilifuta mfumo wa mgao wa tumbaku uliokuwepo tangu miaka ya 1930, wakulima wakalipwa fidia, wengi wakaacha, minada ikafa. Kimebaki makumbusho ya tumbaku na tamasha la kila Agosti. Halafu mwaka 2018 kituo kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe, kilichokuwa upande wa juu wa mto baada ya Aberdeen, kikafungwa na ajira zake. Madirisha ya maduka ya mtaa wa pili yanaeleza yaliyobaki: moja wazi, mawili yana karatasi.

Jumapili

Tulikwenda kanisani, watu wachache, wimbo wa taratibu, kahawa baada ya ibada. Tulikaribishwa mezani. Mazungumzo yalianza kwa hali ya hewa, na hapa hali ya hewa maana yake mto. Kila mtu ana mstari wake ukutani. Januari 1937 maji yalifika karibu mita 24 na nusu kwenye kipimo cha Cincinnati, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa kabla wala baada. Machi 1997 yakaja tena, si makubwa hivyo, lakini yakaingia nyumba za Front Street na mitaa ya nyuma.

Yule bibi wa barazani alikuwepo. Akatueleza mwaka 1997 walivyobeba vitu kupeleka ghorofani, piano ikabaki chini kwa sababu haibebeki, ikaelea. Maji yalipopwa waliikuta imegeuka imeelekea dirishani, na matope mpaka kwenye funguo. Kila aliyekuwa na jiko la kuwaka alipikia mtaa. Nikamuuliza kwa nini basi hawahami wala hawajengi ukuta kama Maysville. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini hafungi macho.

"Nikikaa barazani nitaona nini, zege?"

Akatupa chupa ya asali ya mtama, ile nyeusi inayochemshwa kutoka mabua, akasema ni kwa mwenye kupika nyumbani. Tukarudi kwa daraja lile lile. Katikati shemeji akaniuliza, "Hapa tuko wapi?" Nikamwambia Kentucky, tangu zamani tuko Kentucky. Akatikisa kichwa.

Tulifika Lexington usiku. Mama mkwe alikuwa jikoni anageuza sombe, yaani kisamvu, kwenye sufuria kubwa, mke wangu anamenya vitunguu. Nikatoa shikamoo, niliyomzoesha mwenyewe, ingawa kule Nyarugusu walianza kumzoesha kabla yangu. Nikampa chupa ya asali. Shemeji hakungoja hata kukaa.

"Mama, yule mwenye boti aliitwaka nani?"

"Boti gani?"

"Ile ya usiku. Tulipokimbia."

Mama akaacha mwiko. Mke wangu naye akaacha kisu, akatutazama mmoja mmoja.

"Alikuwaka mutu wa Kazimia," mama akasema. "Jina? Nani aliulizaka jina usiku ule? Alikuwa mrefu, anakohoa. Mutoto alitaka kulia, akaanza yeye kukohoa kwa nguvu, basi sauti ya mutoto haikusikika." Akachukua tena mwiko. "Lakini hakutuvusha bure, musimufanye malaika. Alikamataka vitenge mbili. Na sufuria yangu, ile mulichotea maji. Ilikuwa mupya, na kifuniko chake."